Mbuyu wa Dakar na Neno "Zilipendwa"

Kila aliyewahi kuhudhuria arusi ya watu wetu katika kumbi za huku Uingereza anaijua saa ile. Inakaribia saa sita usiku, biriani imekwisha, watoto wamelala juu ya viti vilivyounganishwa, na mpiga muziki anashika kipaza sauti na kutangaza: "Sasa kwa ajili ya wazee wetu, zilipendwa!" Wazee wanainuka, vijana wanakwenda kukaa. Zinapigwa nyimbo nne au tano, za Marijani Rajabu, za Mbaraka Mwinshehe, za Les Wanyika, kisha tunashukuriwa na muziki wa leo unaendelea.

Mimi sasa ni miongoni mwa wanaoinuka. Huko uwanjani, jasho likinitoka, nimeanza kulitazama vizuri hilo neno tunaloitiwa. Zilipendwa. Lichambueni kama tulivyofundishwa darasani. Halisemi kwamba nyimbo hizi ni nzuri. Linasema kwamba hapo zamani palikuwa na watu waliozipenda. Ile "li" ya katikati imefunga mlango, na sisi tunaoinuka kucheza tunakuwa kama tumekuja kuzuru kaburi.

Kwa sababu hiyo nataka kuzungumzia albamu moja ambayo, kwa maoni yangu, ililikataa neno hilo na ikafaulu. Inaitwa Specialist in All Styles, ya Orchestra Baobab ya Dakar, Senegali, na ilitoka mwaka 2002. Humo hamna neno la Kiswahili. Wanaimba Kiwolof, Kimandinka, Kifaransa, Kihispania na Kikrioli cha Kireno. Lakini baobab ni mbuyu, na mbuyu hauhitaji kutafsiriwa kwa mtu wa pwani.

Kwanza tuelewane juu ya ujamaa wetu na watu hawa. Tangu miaka ya 1930 santuri za Cuba zenye herufi GV zilikuwa zikiuzwa sehemu nyingi za Afrika. Watu wa Dakar walizisikia, wa Léopoldville walizisikia, na wa kwetu pia. Pale Morogoro marehemu Salum Abdallah aliipa bendi yake jina la Cuban Marimba, wala hakuona ajabu kwamba kisiwa cha ng'ambo ya Atlantiki kimefika chini ya milima ya Uluguru. Kwa hiyo mtu wa Tanga au Mombasa anapoisikia Baobab kwa mara ya kwanza, hutikisa kichwa kama aliyekutana na binamu asiyemjua: pua ni ileile, lugha ni nyingine.

Bendi ilizaliwa mwaka 1970, klabu ya usiku ya kifahari iliyoitwa Baobab ilipofunguliwa Dakar na kuhitaji wanamuziki. Wengi wa waliochukuliwa walitoka Star Band, iliyokuwa ikitawala jiji. Balla Sidibe na Rudy Gomis walikuwa watu wa Casamance, kusini mwa nchi. Laye Mboup, mwenye sauti kali ya Kiwolof, alikuwa wa ukoo wa magrioti, yaani waimbaji na watunza nasaba, na alikufa kwa ajali ya gari katikati ya miaka ya 1970. Kwenye saksafoni alikuwapo Issa Cissoko. Gita la solo alilishika mgeni kutoka Togo, Barthélemy Attisso, aliyekuwa amekuja Dakar kusomea sheria. Alijifundisha gita mwenyewe ili apate fedha za kujikimu masomoni.

Mtu huyo ndiye kiini cha makala yangu, kwa hiyo mkumbukeni.

Mbuyu ulianza kama mchicha, wahenga walisema, na huu nao ulikua upesi. Kwa miaka kumi hivi Baobab ilikuwa miongoni mwa bendi kubwa kabisa za Senegali. Mwaka 1982 walirekodi nyimbo ambazo baadaye, mwaka 1989, kampuni ya World Circuit ya London ilizitoa kwa jina la Pirates Choice. Asiyekuwa nayo aitafute. Lakini wakati huohuo kijana Youssou N'Dour na wenzake walikuwa wameleta mbalax, muziki uliotanguliza ngoma za sabar na mwendo wa kasi. Vijana wa Dakar walihamia huko. Klabu yenyewe ilikwisha fungwa, na katikati ya miaka ya 1980 bendi ikasambaratika. Hakukuwa na ugomvi wa kuandikwa magazetini. Wakati ulikuwa umewapita tu.

Attisso alirudi Lomé akafanya kazi aliyoisomea, uwakili. Gita aliliacha. Wanachama wenzake walipotafutwa mwaka 2001 ili bendi iungane tena, yeye alikuwa hajalishika kwa miaka mingi, ikambidi ajifunze upya solo zake mwenyewe. Fikirini jambo hilo. Mwanasheria wa makamo ameketi nyumbani kwake, akijaribu kumfuata kijana aliyekuwa yeye.

Wengi wetu huku ugenini tunalifahamu hilo bila kuelezwa. Mimi nilipiga ridhimu katika bendi ya shule kabla ya kuja huku kusomea uhandisi wa ujenzi. Gita nilimwachia binamu yangu, nikasema nitalichukua likizo ijayo. Miaka thelathini imepita na sijaliulizia. Sisemi hivi ili nihurumiwe, kwani kazi yangu naipenda. Nasema tu kwamba nilipoinunua albamu hii niliisikiliza kwa sikio la mtu anayetaka kujua: je, kinachoachwa kinaweza kurudiwa?

Sasa tuingie katika muziki wenyewe. Albamu ina nyimbo tisa. Baadhi ni za zamani zilizorekodiwa upya. On Verra Ça, kwa mfano, waliwahi kuirekodi Paris mwaka 1978. Walioisimamia kazi ni Nick Gold wa World Circuit pamoja na, amini usiamini, Youssou N'Dour mwenyewe. Yule ambaye muziki wake uliwaondoa jukwaani ndiye aliyewafungulia mlango wa kurudi. Kwetu tungesema mtoto amemrudishia baba kiti.

Jambo la kwanza linalonishika ni nafasi. Katika rekodi za zamani vyombo vimebanana, sauti imefunikwa na utando kama wa vumbi, na sehemu ya utamu wake imo katika utando huo. Mwaka 2002 utando umeondolewa. Besi inasikika peke yake, tumba peke yake, ridhimu ya Latfi Benjeloun inakwenda bila kuchoka, na juu yao saksafoni ya Cissoko inaingia kwa ukali wenye mzaha, kama mzee anayekatiza mazungumzo kwa kikohozi ili asikilizwe. Hakuna chombo kinachomkanyaga mwenzake. Nyimbo hazikimbilii chemko. Zinakwenda kwa mwendo wa mtu mzima anayejua safari ni ya umbali gani.

La pili ni gita la Attisso. Katika nyimbo za mwaka 1982, na hasa Utrus Horas, solo yake inatiririka ndefu, yenye mwangwi, kila kifungu kikizaa kingine. Ni kazi ya fundi aliye katika kilele cha nguvu zake. Miaka ishirini baadaye, katika Bul Ma Miin inayofungua albamu na katika Sutukun, nasikia mtu mwingine ndani ya mtu yuleyule. Anapiga kifungu, anakiacha, anangoja. Mahali ambapo zamani angejaza noti sita anaweka mbili.

Katika kazi yangu nimeliona hilo. Mhandisi kijana anapotia shaka huongeza chuma, na daraja lake husimama ingawa ni zito na la gharama. Mwenye uzoefu hulitazama upya hesabu ya mzigo, akajua ni wapi chuma kinabeba na ni wapi kimewekwa kwa woga tu, akakipunguza. Attisso wa mwaka 2002 amepunguza. Huenda vidole havikuwa na kasi ya zamani, nami siwezi kuapa kwamba ni hiari tupu. Lakini mpigaji mwenye vidole vizito ambaye hajakomaa angejaribu kuficha uzito huo. Yeye ameugeuza kuwa lafudhi yake mpya.

La tatu ni maneno na dhamira. Sijui Kiwolof zaidi ya mambo machache niliyoelezwa na rafiki wa Senegali, lakini majina ya nyimbo yanatosha kuonyesha njia. Ndongo Daara ni mwanafunzi wa chuo cha Kurani, na msomaji aliyepitia chuoni kwa mwalimu, ubao mkononi, hahitaji maelezo. Dée Moo Wóor maana yake ni kwamba kifo ndicho kilicho hakika. Wimbo kama huu kijana anaweza kuuimba vizuri, ila utakuwa mawaidha aliyoyasikia kwa wengine. Wanapouimba wanaume waliokwisha kuzika mwenzao Laye Mboup na kuiona bendi yao ikifa na kufufuka, unakuwa ushahidi. Wala hawalii. Sauti zinapokezana kwa utulivu, kama watu waliokaa barazani baada ya maziko, kahawa inapita, na mtu mmoja anasema jambo ambalo wote wanalijua.

Huo ndio ninaouita ukomavu, na ndiyo sababu nasema albamu hii ililikataa neno zilipendwa. Bendi za zamani zinaporudi huangukia katika moja ya mashimo mawili. Ama zinajifanya vijana, zinaazima vinanda na midundo ya msimu, na wazee wanaonekana kama waliovaa nguo za wajukuu. Ama zinauza kumbukumbu, zinapiga kila noti kama ilivyokuwa kwenye santuri ili msikilizaji alie kwa ujana wake. Baobab hawakufanya hili wala lile. Walizipiga nyimbo, hata zile za zamani, kwa umri waliokuwa nao siku waliyoingia studio.

Haki inataka niseme pia yasiyonipendeza. Kuna wimbo Hommage à Tonton Ferrer, ambamo wamealikwa Youssou N'Dour na mzee Ibrahim Ferrer wa Cuba, yule aliyejulikana dunia nzima kwa albamu ya Buena Vista Social Club ya mwaka 1997. Nawaheshimu wote wawili. Ferrer mwenyewe alikuwa mzee aliyesahauliwa kabla ya kuitwa tena, kwa hiyo mwaliko una maana. Hata hivyo kila nikiusikiliza nahisi wimbo unajua mno kwamba unatazamwa. Ni kama barua ya utambulisho kwa wanunuzi wa Ulaya: mliwapenda wazee wa Havana, basi hawa ni ndugu zao. Baobab hawakuhitaji barua hiyo. Rudy Gomis na Balla Sidibe wakiimba pamoja bila mgeni yeyote walikuwa wanatosha.

Na hapo linatokea pingamizi zito zaidi, ambalo rafiki yangu mmoja hunirushia kila tunapobishana. Husema: albamu hiyo ilitengenezwa London, kwa fedha za London, ikatuzwa na BBC mwaka 2003, ikanunuliwa na Wazungu na watu kama wewe. Vijana wa Dakar waliendelea na mambo yao. Huo ni urejeo wa nani?

Nusu ya hoja yake naikubali. Ni kweli kwamba sikio lililowaita lilikuwa la mbali. Nusu ya pili naikataa, kwa sababu kinachowekwa kwenye kanda hakiulizi ni nani aliyelipia umeme. Waliocheza ni wao, nyimbo ni zao, na leo kijana yeyote wa Dakar anayetaka kujua solo ya Attisso akiwa mtu mzima anaweza kuisikia. Isingerekodiwa, swali la nani anasikiliza lisingekuwapo kabisa.

Hili linanirudisha nyumbani, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Baadhi yenu mtaniambia kwamba na sisi tulikuwa na Baobab yetu, nami nitasema ndiyo, tena kabla yao. Mwaka 1993 iliundwa Dar es Salaam bendi ya Shikamoo Jazz, ya wanamuziki wakongwe waliokwisha kuwekwa pembeni, akiwamo Salum Zahoro aliyekuwa Kiko Kids ya Tabora. Waliwezeshwa na shirika la HelpAge, linaloshughulikia maslahi ya wazee. Walirekodi albamu, Chela Chela, na walifika hadi huku Uingereza pamoja na Bi Kidude. Wangapi kati yenu mnayo nakala? Mimi sina.

Nimejiuliza kwa nini. Jibu nililolipata halinipendezi, nalo limo katika jina lenyewe. Shikamoo ni salamu nzuri, na sisi tumelelewa kuitoa. Lakini mtu huweza kutoa shikamoo akiwa anatembea. Tunamwinamia mzee, tunapokea marahaba, tunaendelea na safari. Tuliipokea bendi ile hivyo, kama wazee wanaostahili adabu, na hatukukaa kuisikiliza kama wanamuziki wenye jambo jipya la kusema. Heshima bila sikio ni namna nyingine ya kusema zilipendwa.

Kuna tofauti moja ninayopaswa kuikiri. Msondo Ngoma, iliyoanza kama NUTA Jazz mwaka 1964, na Mlimani Park, wana Sikinde, ya mwaka 1978, hazikupotea kwa miaka kumi na mitano kama Baobab. Ziliendelea kupiga katika kumbi za Dar es Salaam, wiki baada ya wiki, waimbaji wakifa na wengine wakiingia. Asiyeondoka hapigiwi vigelegele vya kurudi. Labda ndiyo maana dunia haikuziandikia makala ndefu. Lakini sisi tulikuwa tunajua zipo. Tulipokwenda likizo tulipita Kariakoo kununua vitenge na tukapita Msasani kula samaki. Ni wangapi tulikwenda kumsikiliza Muhidin Maalim Gurumo akiwa hai? Alifariki mwaka 2014, na nakumbuka jinsi sote tulivyotumiana salamu za rambirambi. King Kikii alipofariki mwaka 2024 tulifanya vilevile. Sisi ni hodari wa rambirambi.

Zipo rekodi zilizokusanywa upya, na nawashukuru waliozikusanya. Mfululizo wa Zanzibara wa kampuni ya Buda ya Ufaransa umeokoa taarab na dansi nyingi za zamani, na mimi ninao. Ila mkusanyo wa zamani hutupa sauti ya kijana wa mwaka 1965. Hautupi yule mzee aliyekuwa hai mwaka 2002 au 2015, na kile ambacho miaka hiyo ilikuwa imemfundisha kuhusu wimbo wake mwenyewe. Hicho ndicho Baobab walichokiacha, na ndicho sisi tulichokikosa kwa wengi.

Nao muda wao haukuwa mrefu. Walitoa Made in Dakar mwaka 2007. Ndiouga Dieng alifariki mwaka 2016, na albamu ya mwaka 2017 ikawa ya kumuenzi. Attisso hakuwamo katika hiyo. Issa Cissoko akafariki mwaka 2019, Balla Sidibe mwaka 2020, Attisso mwaka 2021, Rudy Gomis mwaka 2022. Nikiitazama orodha hiyo naona jinsi dirisha lilivyokuwa dogo. Kama simu ya mwaka 2001 isingepigwa, au kama yule mwanasheria angejibu kwamba yuko bize na kesi zake, leo tungekuwa na nyimbo za kijana tu, na neno zilipendwa lingekuwa limeshinda.

Ndugu wasomaji, sina mradi wa kuwachangisha fedha. Nina maombi mawili madogo. La kwanza, isikilizeni albamu hii, si wakati wa kupika bali mkiwa mmekaa, na msikie mtu anavyoweza kurudi kwenye kazi ya mikono yake bila kujidanganya kuhusu umri. La pili, kila mmoja wetu katika mji wake wa nyumbani anamjua mzee mmoja aliyewahi kupiga gita, kinanda, fidla au tarumbeta. Safari hii mkienda likizo, mpeni shikamoo yake, kisha mkae chini. Mwombeni apige. Simu mnazo mfukoni, na zinarekodi.

Mimi nimekwisha kumpigia binamu yangu. Gita lipo, amesema, ila nyuzi zimeliwa na kutu. Nimemwambia aliache hivyohivyo hadi Desemba, nyuzi nitakuja nazo.